Mufupi Alipofika Mlangoni Kwetu

Wiki mbili baada ya kumzika baba, jirani yangu alichinja mbuzi kwa ubatizo wa mjukuu wake. Damu waliikinga kwenye beseni, wakaitia chumvi isigande, halafu wakaisahau pale juani karibu na ukuta. Mimi nilikuwa napita tu na ndoo yangu ya maji. Ile harufu ikanikamata puani, nikasimama katikati ya ua wa watu mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba ni msiba. Haukuwa uongo, ingawa haukuwa ukweli wote, kwa sababu wakati ule sikuwa namfikiria baba peke yake. Nilikuwa namfikiria mbwa.

Ninyi mliokulia Likasi miaka ileile ya kuporomoka mtanisamehe. Najua mtasema: watu walikuwa wanakufa, huyu anatuletea habari ya mbwa. Mna haki. Mimi mwenyewe nimekaa na nusu ya habari hii zaidi ya miaka thelathini nikiona haya kuisema, maana kila nilipotaka kuianza nilikumbuka makaburi ya watoto wa rika langu, nikanyamaza. Lakini sasa baba ameondoka, na mbwa yule hana mtu mwingine wa kumtetea.

Tulikaa Shituru, katika nyumba ya kampuni ya madini, ya mwisho kabisa kwenye mstari wetu. Nyuma yake kulikuwa na reli, ng'ambo ya reli mashamba madogo ya mihogo ambayo wake za wafanyakazi walijilimia njaa ilipoingia, na baada ya mashamba, pori. Zamani moshi wa kiwanda ulitukohoza kila asubuhi. Miaka ile ulitoka siku mojamoja tu, na watu wazima walisimama milangoni kuuangalia kwa hamu. Mishahara ilikuwa hadithi. Majirani zetu wa upande wa kulia, watu wenye asili ya Kasai, walifukuzwa na vijana wenye fimbo, wakaenda kulala stesheni wiki nyingi wakingoja treni. Siku mbili baada ya wao kutoka, milango na madirisha ya nyumba yao yaling'olewa, na sisi watoto tukaanza kuchezea ndani bila kubisha hodi. Ndivyo nilivyojifunza kwamba nyumba inaweza kukutoka kwa asubuhi moja.

Baba alikuwa mfanyakazi wa mabwawa ya asidi kiwandani. Sehemu yake ilipofungwa wenzake walirudishwa nyumbani, lakini jina lake yeye lilibaki kwenye orodha, na pamoja na jina ikabaki nyumba. Aliyelibakiza ni Dokta. Huyu alikuwa daktari wa wanyama wa kampuni, mwenye kusikilizwa na wakubwa, mtu wa hapahapa kwetu, mwenye tumbo na sauti ya upole, aliyesomea Ubelgiji na kurudi na mapenzi ambayo hatukuyaelewa: aliwapenda mbwa wa aina ya tekeli. Mmewaona, wale warefu wa mwili, wafupi wa miguu, masikio yananing'inia. Wazungu walipokimbia baada ya uporaji wa askari waliwaacha mbwa wao, na Dokta akawakusanya saba katika jengo la zamani la starehe za wakubwa wa kampuni, kule ambako uwanja wa tenisi ulikuwa umeota majani. Akaanzisha klabu ya tekeli ya mkoa mzima. Wanachama hawakuzidi kumi na wawili, wengine wakitoka Kambove, wengine Lubumbashi. Walikutana Jumamosi wakiwa na mashati meupe yaliyopigwa pasi, katika mji uliokuwa unakula mizizi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, alisema mama kila walipopita.

Dokta alishikilia kwamba tekeli ni mbwa wa kazi, na kwamba tekeli asiye na kazi anageuka kandambili tu ya ndani. Basi akataka kuanzisha majaribio ya porini kama aliyoyaona Ulaya, ambako tekeli hufuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa mpaka amfikie. Alikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa kilicholiwa na mchwa katikati, kwa hiyo sheria za mwanzo na za mwisho alizijua, za katikati alizibuni. Kwa kazi hiyo alihitaji mtu anayejua pori, na baba alikuwa mtoto wa mwindaji wa upande wa Mulungwishi. Hivyo ndivyo mtu wa asidi alivyofanywa kuwa mwekaji wa njia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ijumaa mchana baba alichukua chupa ya plastiki yenye damu iliyotiwa chumvi, kizibo kimetobolewa kwa msumari, akaingia porini peke yake. Kila baada ya hatua kadhaa aliinamisha chupa, tone likaanguka. Alipinda kushoto, akapinda kulia, akavuka kijito, na mwisho wa njia akaweka kipande cha ngozi. Damu ililala usiku kucha. Jumamosi asubuhi mbwa aliwekwa pua kwenye tone la kwanza, amefungwa kamba ndefu, na anayeshika kamba asijue njia inaelekea wapi. Baba alitembea nyuma pamoja na mwamuzi. Yeye peke yake ndiye aliyejua, na neno lake lilikuwa la mwisho: akisema mbwa yuko njiani, yuko njiani, akisema amepotea, jaribio limekwisha. Kwa sababu hiyo alikatazwa kumwambia mtu yeyote alikopita, hata mke wake, na katazo hilo alilishika kama kiapo. Mama alipomuuliza Ijumaa jioni alikuwa wapi, alijibu kazini, akaosha mikono. Mikono hiyo asidi ilikuwa imeipasua zamani. Mimi nilipoona damu kwenye nyufa zake niliamini kwamba damu ya kuwafundishia mbwa ilitoka mwilini mwake, tone kwa tone, na kwamba ndiyo maana alikuwa anakonda.

Majaribio ya kwanza yalikuwa kichekesho. Mara ya kwanza kabisa hawakujua habari ya chumvi, damu ikaganda ndani ya chupa, na mbwa walifuata harufu ya viatu vya baba mpaka wakafika chooni kwa walinzi. Mara ya pili tekeli mmoja mwekundu aliingia shimo la muhanga chini ya kichuguu, akabweka huko ndani mpaka jua likainama, na wanachama wakavua mashati yao meupe wakachimba kwa zamu. Baba alitusimulia akicheka mpaka machozi yakamtoka. Nakikumbuka kicheko kile kwa sababu baada yake sikumbuki kingine.

Kati ya wale saba, mbwa wa moyo wa baba alikuwa Mufupi. Kwenye karatasi alikuwa na jina la Kifaransa, lakini bibi mzungu aliyempa jina hilo aliondoka na sanduku moja bila kuaga, na baba akambatiza upya. Alikuwa mweusi, mwenye nyayo za kahawia, mpole, mzito wa kuanza. Wenzake wakiwekwa kwenye tone la kwanza walirukia njia. Yeye alisimama, akanusa, akanusa tena, kama mzee anayesoma barua kabla ya kuijibu. Akishaanza, haachi. Baba alimfundisha jambo ambalo halikuwa kitabuni: akifika mwisho, alale chini na kubweka mara moja tu. Jumapili nyingine alimleta nyumbani, naye akajilaza kivulini pembeni ya mdogo wangu Mwadi.

Mwadi alikuwa na miaka mitatu. Nywele zake zilikuwa zimegeuka nyekundu, na miguu imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Hakulia tena kama watoto wanavyolia. Muuguzi alimwambia mama kwamba dawa yake ni nyama, mayai na maziwa, na mama aliporudi nyumbani alirudia maneno hayo taratibu, kama mtu anayesoma majina ya miji ya ng'ambo. Sisi tulikula bukari, ugali wetu, wa unga wa mihogo, kwa sombe za majani ya mihogo hiyohiyo. Siku nyingine tulikula sombe bila bukari. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kujua kwamba Mwadi anakwenda, na mdogo wa kutosha kufikiri kwamba tukinyamaza hatakwenda.

Machinjio ya mji yalipopunguza kazi, mabaki ya kulishia mbwa nayo yalipungua. Dokta akawaita wanachama na baba, akasema klabu haiwezi tena kulisha saba. Kila mbwa atapewa jaribio moja la kweli, Jumamosi yake. Atakayefaulu atalishwa, atakayeshindwa atapigwa sindano alale. Hakuyasema kwa ukatili. Alisema afadhali sindano kuliko kuwaachia mjini, ambako wasingemaliza wiki kabla ya kuingia chunguni, na hapo alisema kweli. Jumamosi sita zikapita. Watatu walifaulu, watatu walishindwa, na aliyechimba mashimo nyuma ya uwanja wa tenisi alikuwa baba. Wa mwisho kwenye orodha alikuwa Mufupi.

Kwa Jumamosi hiyo mwamuzi mgeni alikuwa anatoka Lubumbashi, na Dokta alitaka kumwonyesha jaribio kamili, mwisho wa njia pawe na mnyama mzima badala ya kipande cha ngozi. Porini wanyama walikuwa wamekwisha kuliwa. Dokta akatafuta mbuzi, akamchinja, damu yake ikaingia chupani, na mwili wake baba akaubeba mpaka mwisho wa njia, akaulaza juu ya majani na kuufunika matawi. Baada ya jaribio wanachama wangemchoma mbuzi huyo pamoja na mgeni wao, na baba alikuwa ameahidiwa kichwa na matumbo. Haya yote niliyajua baadaye sana. Ijumaa ile nilichokiona ni baba kuosha mikono, kumwangalia Mwadi, na kusema kwamba kesho, Mungu akipenda, tutakula vizuri. Mama hakumuuliza vipi. Alikuwa katika siku ya tatu ya mfungo.

Mama yetu alikuwa mtu wa maombi, wa kanisa lile la turubai ambako watu walisali wamesimama mpaka jasho liwachuruzike. Wenzake walimwomba Mungu mshahara, visa, mume arudi. Yeye alifunga siku tatu kwa ombi moja, nyama ya Mwadi. Hakutaja ngapi wala ya mnyama gani. Mungu hamtupi mja wake, alituambia, na alituambia kwa namna ambayo ungedhani wamekwisha kuafikiana.

Jumamosi alfajiri, baba ameshaondoka, mama alinichukua twende shambani kuchimba mihogo kabla wezi hawajatutangulia. Shamba letu lilikuwa la mwisho kabla ya miti. Mama aliingia kidogo porini kuokota kuni, akiimba, kisha nikasikia wimbo umekatika. Nilipomfikia alikuwa amesimama mbele ya mbuzi. Alikuwa mbuzi mzima, mweupe, koo limekatwa vizuri, amelazwa juu ya majani mabichi.

Mama hakumgusa. Aligeukia pande zote, akaita kwa nguvu, kama inavyompasa mtu akikuta mali isiyo yake.

"Mwenye mbuzi, uko wapi? Kuja ubebe mbuzi yako."

Aliita mara tatu na kungoja kila mara. Pori halikujibu. Ndipo akapiga magoti, akalia, akanikumbusha habari ya Ibrahimu niliyoijua kutoka shule ya Jumapili, alivyoinua macho akaona kondoo dume kichakani ambaye hakumlea wala hakumnunua. Sikuwa na shaka hata chembe. Niliona hata kwamba kwetu Mungu alikuwa amefanya vizuri zaidi kuliko kwa Ibrahimu, maana wetu alimchinja kabisa ili mama asichoke.

Tulimtia katika beseni na kumfunika kwa majani ya mihogo. Beseni lile lilikuwa na tundu chini, ambalo mama huliziba kwa kipande cha sabuni, na siku hiyo sabuni haikuwapo. Sikuona matone. Nilikuwa namwangalia mama alivyovuka reli na mzigo ule kichwani, akitembea kama msichana.

Tulifunga mlango wa mbele, wa upande wa mtaa, tukachuna na kukata. Mchuzi wa kwanza alipewa Mwadi kwa kijiko. Akautema. Mama akampa tena, akameza. Kijiko cha tatu alikifungulia mdomo mwenyewe, na mama akageuza uso ukutani ili nisimwone. Nyama nyingine tuliiweka chini ya kitanda. Mama hakudhani kwamba ni wizi, aliogopa tu kwamba mtaa wenye njaa ukisikia harufu utaingia bila hodi.

Kule porini, Mufupi alikuwa anafanya kazi ambayo hakuna tekeli aliyewahi kuifanya katika klabu ile. Alipita mapindo yote, akavuka kijito, akafika mwisho wa njia bila kosa. Matawi yalikuwapo, majani yamelala, mbuzi hayupo. Mwamuzi akasema kitabu kinataka mbwa amfikie mnyama, na bila mnyama yeye hana la kuandika. Aliyeomba waendelee ni baba. Alisema labda kuna kitu kimemburuta mbuzi, mbwa aachwe afuate, huyu akishaanza haachi. Dokta, aliyeshika kamba mwenyewe, akakubali. Mufupi akanusa, akanusa tena, akachukua njia mpya kuelekea mashambani. Baba aliniambia kwamba mpaka kwenye reli alikuwa na furaha. Walipoivuka reli akaanza kuangalia nyumba, na furaha ikamtoka.

Mimi nilikuwa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma nikilamba vidole. Niliona majani ya kando ya reli yanatikisika bila upepo, kisha pua, kisha Mufupi mwenyewe, ameinamisha kichwa, anavuta. Nilipomwona baba nyuma nilitaka kumkimbilia. Mkono wa mama ukanishika bega kutoka nyuma, ukanibana mpaka nikatulia. Mufupi alifika kwenye ngazi yetu, akalala chini, akabweka mara moja. Halafu akageuza kichwa kumtafuta baba, mkia wake ukipiga vumbi.

Mwamuzi mgeni, aliyekuwa na daftari, hakujua nyumba ile ni ya nani. Dokta alijua. Harufu ya nyama ilikuwa imejaa mpaka nje, na miaka ile harufu ya nyama ulikuwa unaisikia kutoka mtaa wa pili. Baba aliangalia mikono ya mama, ambayo ilikuwa bado na mafuta. Akauangalia mlango wetu, kisha nyumba ya kulia isiyo na milango. Dokta alitoa leso akajifuta pua, akaongea bila kumtazama.

"Ni weye uliweka njia," alisema. "Mbwa iko mu njia, ao ilipotea?"

Mnaona alichokuwa anaulizwa. Akisema yuko njiani, Mufupi ameshinda kuliko wote na ataishi, na aliyeiba mbuzi wa klabu ni mke wa mwekaji wa njia. Jina litatoka kwenye orodha, nyumba itafuata jina, na mtoto aliyemeza vijiko vitatu atalala nje. Akisema amepotea, anayekufa ni mbwa.

"Ilipotea, Docteur," alisema baba.

"Kweli?"

"Njia yangu haikufika huku."

Mwamuzi akaandika. Mufupi hakukubali. Kamba ilipovutwa alijibandika chini, kucha zake zikachora mistari mbele ya ngazi, na akabweka tena na tena, jambo ambalo hakufundishwa. Mwishowe Dokta aliinama akambeba kwapani, wakaondoka. Baba alitembea wa mwisho na hakugeuka. Mimi nikacheka. Nalisema kwa sababu sina budi kulisema. Nilikuwa nimeogopa, na hofu iliponiachia ikatoka kwa kicheko. Nilimwambia mama kwamba mbwa yule mjinga alikuja kunusa mbuzi wa Mungu, na mama akarudi ndani kwa Mwadi.

Jioni baba alirudi mikono mitupu. Mama alimwekea bukari na nyama, akamsimulia yote, shamba, kuni, matawi, alivyoita mara tatu. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Aliosha mikono, akala, akamaliza sahani, na mama alipomwomba ashukuru kwa niaba ya nyumba alisali vizuri, kwa sauti ya kawaida. Jumapili mama alisimama kanisani kutoa ushuhuda wa mbuzi wa kichakani, watu wakapiga makofi, na baba akaitika amina pamoja na wengine. Wiki ile mashamba ya ng'ambo ya reli yalijaa wanawake waliokuja kufunga na kutafuta vichakani. Najua mmoja aliyekaa huko siku nne.

Jumatatu mama alinituma nikamwite baba. Nilimkuta nyuma ya uwanja wa tenisi, amekaa kando ya udongo mpya, koleo magotini, analia bila kujificha. Sikuwahi kumwona hivyo. Nilitafuta neno la kumtuliza, nikampa nililokuwa nalo.

"Papa, usilie. Ilikuwa mbwa ya kupoteaka."

Aliniangalia. Nadhani alitafuta hasira asiipate.

"Ndiyo," alisema. "Ilipotea."

Klabu haikumaliza mwaka. Wanachama walipungua, Dokta alihamia kusini, na waliobaki hawakujua hata kitabu kilienda wapi. Sijui Dokta alifahamu kiasi gani. Najua tu kwamba jina la baba halikutoka kwenye orodha, na kwamba Mwadi alipona. Leo anauza samaki wa kukausha sokoni Kikula, ana mikono minene na mdomo mkali, na watoto wanne ambao hawajui hata mmoja kwamba mama yao aliwahi kuwa na nywele nyekundu. Kila nikimwona akila nakumbuka, na sijui nifanye nini na kumbukumbu hiyo, maana siwezi kutamani baba angesema vingine.

Baba aliniambia hospitalini, katika wiki zake za mwisho, tulipokuwa wawili tu. Aliianza habari katikati, kana kwamba tulikuwa tumeiacha jana yake.

"Mufupi haikupotea," alisema. "Weye ulisemaka ni mbwa ya kupoteaka. Minye nikakuachia vile. Haikupotea hata siku moja, ile mbwa."

Akanieleza yote niliyowaeleza hapa, mpaka reli, mpaka alivyoiangalia nyumba ya kulia. Nilimwomba msamaha kwa kicheko changu, akasema mtoto hana kosa. Lakini homa ilipompanda siku zilizofuata hakutuita mimi wala Mwadi wala mama. Alikuwa porini. Alisema tafuta, Mufupi, polepole, tafuta, na mkono wake juu ya shuka ulishika kamba ambayo haikuwapo. Nilimfunika mkono huo kila ilipobidi, ili wauguzi wasicheke.

Siku ile ya damu ya jirani niliweka ndoo yangu nyumbani nikaenda Kikula kwa Mwadi, anakokaa mama sasa. Nilimkuta uani, ungo mapajani, anachambua maharage. Nilikaa. Mama alisoma uso wangu kama alivyozoea, na yeye ndiye aliyeanza. Alisema alijua. Alijua tangu pale mlangoni, mbwa alipolala chini na baba akaangalia mikono yake. Nikamuuliza kwa nini, basi, alisimama mbele ya kanisa zima kutoa ushuhuda.

"Juu baba yako alikuwa anakula na anajikaza," alisema. "Alitaka minye nibakie na mbuzi ya Mungu. Nikamwachia."

Aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe kimoja, akakitupa pembeni. Kisha akauliza, macho yake kwenye ungo, kama baba alikuwa bado anaiwazaka ile mbwa.

Nikamwambia hapana. Nikasema aliisahau zamani sana, hata jina lake hakulikumbuka.

Mama aliacha mikono yake juu ya maharage, akaniangalia.

"Weye ni mutoto wake kabisa," alisema.